Usukani wa gemu na dereva wa mpakani: unafundisha wapi, unakoma wapi

MBARARA. Kijana aliyekulia Bukavu au Bujumbura akifika Nakivale, wilayani Isingiro, hukuta kitu kimoja kimegeuka: magari. Kongo, Burundi na Rwanda hupita kulia. Uganda, Kenya na Tanzania hupita kushoto. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inamruhusu kufanya kazi, na udereva ni miongoni mwa kazi zinazotamaniwa. Lakini mikono na macho yake vimezoea upande mwingine.

Hapo ndipo gemu za magari zinapoacha kuwa mchezo tu. Si zile za pedi, ambazo gari hugonga ukuta na kuendelea kama kawaida. Ni zile za usukani kamili, wenye kanyagio na gia. Usukani mzuri huzunguka nyuzi 900, yaani mizunguko miwili na nusu, na ndani yake mna mota. Programu hukokotoa mzigo ulio kwenye matairi ya mbele, kisha mota huvuta mikono ya mchezaji. Tairi likipoteza mshiko, usukani hulegea ghafla. Aliyewahi kuteleza kwenye moramu ya Isingiro baada ya mvua anaujua ulegevu huo.

Kwa wafanyabiashara, gemu ya kuangalia si ya mbio bali ya malori: Euro Truck Simulator 2, iliyotoka 2012. Trela zina uzito tofauti, mwendo kasi una faini, dereva huchoka na kuhitaji kulala. Na ina Uingereza, ambako magari hupita kushoto, ng'ambo tu ya Ufaransa wanakopita kulia. Ni mabadiliko yaleyale ya Mirama Hills na Kagitumba.

Je, dereva wa gemu aweza kuwa dereva kweli? Mwingereza Jann Mardenborough alishinda mashindano ya Gran Turismo mwaka 2011, na 2013 akamaliza wa tatu katika daraja lake Le Mans. Mfano huo hupendwa sana na vijana. Husahaulika kwamba kati ya gemu na Le Mans alipitia mafunzo kwenye magari halisi. Machi 2015 gari lake liliruka juu pale Nürburgring, mtazamaji akafa. Kwenye gemu angebonyeza kitufe aanze upya.

Pengo kubwa liko mwilini. Dereva husikia gari likianza kuteleza kupitia kiti, kiunoni, kabla macho hayajaona. Kiti cha gemu hakisogei. Breki nazo: kanyagio la bei nafuu hupima umbali lilioshuka, ilhali breki ya gari huitikia nguvu ya mguu. Aliyejifunzia hapo akipewa lori la matoke kwenye mteremko wa barabara ya Kikagati, mguu wake utamdanganya. Bosi asimkabidhi mzigo kwa sababu ya alama za kwenye skrini.

Kwa mazoezi ya upande wa barabara, hata hivyo, kifaa kinafaa. Anayejaribu achukue trela lililojaa, usiku, kutoka Calais kwenda Dover, kisha arudi nalo. Kosa hutokea zaidi kwenye mzunguko wa kwanza baada ya kuvuka, na pale barabara inapokuwa tupu, hakuna gari la kufuata.