Maziwa ya jioni yangali yakitafuta soko

Katika vihamba vya Kilimanjaro, yaani mashamba ya ukoo ambamo migomba, kahawa na mifugo hubanana katika eneo dogo, ng'ombe wa maziwa hukamuliwa mara mbili kwa siku, ilhali sehemu kubwa ya soko rasmi hupokea maziwa mara moja tu, asubuhi. Pengo hilo ndilo linaloeleza hali ya biashara hii kuliko takwimu nyingi zinazotolewa kuihusu.

Familia yenye ng'ombe wawili au watatu wa kisasa, ambao aghalabu ni machotara wa Friesian au Ayrshire na ng'ombe wa asili, huanza kazi kabla ya mapambazuko. Kiwele huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na kukaushwa, kisha matone ya kwanza hukamuliwa katika kikombe chenye sehemu nyeusi, ili mabonge meupe, ambayo ni dalili ya ugonjwa wa kiwele, yaonekane kabla hayajaingia ndooni. Mkamuaji hana budi kwenda haraka, kwa kuwa homoni inayoachilia maziwa hufanya kazi kwa dakika chache tu, na kinachobaki ndani ya kiwele hupunguza mavuno na hukaribisha maradhi. Saa zinazofuata humezwa na malisho: kwa kuwa kihamba hakitoshi kuotesha majani, mengi huletwa kutoka tambarare, na magome ya migomba hujaza pengo, ingawa yana maji mengi kuliko lishe. Juu ya hayo huongezwa pumba za mahindi na mashudu ya alizeti, yaani makapi yanayobaki baada ya mbegu kukamuliwa mafuta, kwa kipimo cha takriban kilo 1 kwa kila lita 2 za maziwa, na hapo ndipo faida ya wengi huishia.

Asubuhi maziwa hupelekwa kwenye kituo cha kukusanyia, ambako hupimwa kwa laktomita, kifaa cha kioo kinachoelea na kuonyesha kama maziwa yameongezwa maji, kisha sampuli yake huchanganywa na alkoholi kidogo ili yale yaliyoanza kuchacha yagande na kukataliwa. Maziwa ya jioni yakilala bila kupozwa hadi nyuzi 4 hivi huwa hayana matumaini ya kuvuka kipimo hicho cha pili.

Mchuuzi mmoja anayekusanya maziwa hayo kwa pikipiki na kuyauza katika migahawa ya Moshi analalamika kwamba lawama zote za sekta humwangukia yeye. Kwa maelezo yake, dumu la plastiki, ambalo pembe zake hazisafishiki vizuri, linapigwa marufuku kila msimu wa ukaguzi, lakini kopo la alumini linalopendekezwa ni ghali kiasi kwamba mtaji wake wote ungeishia humo; maji yakigunduliwa kwenye maziwa, hakuna anayeuliza yaliongezwa zizini au njiani; na tozo hulipwa hata siku ambayo mzigo umechacha. Kinachomuudhi zaidi ni kuitwa mlanguzi, kwa kuwa, anavyodai, ndiye pekee anayefika jioni na kulipa taslimu, huku kituo kikimsubirisha mfugaji hadi mwisho wa mwezi na ada ya shule haisubiri. Hakutaja, hata hivyo, kwamba bei yake hushuka mara tu giza linapoingia.

Ofisa mmoja wa mifugo anaipima sekta kwa namna nyingine. Anasema nchi huzalisha karibu lita bilioni 4 kwa mwaka, na kwamba kila Mtanzania hunywa lita zipatazo 65, dhidi ya lita 200 zinazotajwa katika hotuba kama kiwango kinachofaa. Hesabu hiyo haina fumbo: uzalishaji umegawanywa kwa watu takriban milioni 61.7 wa Sensa ya 2022, na kinachoitwa unywaji ni hisa ya kila mtu katika makisio, yakiwemo maziwa yaliyomwagwa kwa kuchacha. Aidha, sehemu kubwa ya maziwa hayo hutoka kwa ng'ombe wa asili walio mbali na barabara, hivyo wingi wake hausaidii viwanda, ambavyo kwa jumla hufanya kazi chini ya nusu ya uwezo wake, wala mfugaji wa mlimani.

Baadhi ya familia zimeanza kugandisha maziwa ya jioni yawe mtindi, ambao hustahimili siku kadhaa bila jokofu na ambao mauzo yake kwa kawaida hubaki mikononi mwa akina mama. Njia hiyo huenda ikapanuka, japokuwa hutegemea wateja wa jirani ambao nao wana ng'ombe. Vituo kufunguliwa jioni ni ahadi ya muda mrefu. Ikitimizwa, mchuuzi anatarajia kupoteza wateja wachache tu, mradi kituo kiendelee kulipa kwa mwezi.