Kupanga Spoki za Gurudumu

Baisikeli ipitapo njiani, watu hutazama mpandaji na mzigo wake. Ni wachache walitazamao gurudumu, nalo ndilo lenye ajabu. Spoki moja ni waya wenye unene wa milimita 2 hivi. Mtoto aweza kuupinda kwa mikono yake. Walakini spoki 36 za namna hiyo hubeba mtu mzima pamoja na gunia la mkaa, zikapita juu ya mawe na mashimo. Nguvu hiyo yatoka wapi?

Gurudumu la mkokoteni wa zamani lina vijiti vinene vya mti, na mzigo husimama juu ya kijiti kilicho chini, kama dari isimamavyo juu ya nguzo. Waya haufai kuwa nguzo, kwa maana ukisukumwa hupindika mara moja. Lakini ukivutwa ni hodari sana. Basi spoki zote hukazwa, kila moja ikiivuta ringi kuelekea habu, yaani kitovu cha gurudumu, nayo ringi hukaa imara katikati ya mivuto hiyo yote, kama mlingoti wa jahazi ushikwavyo na kamba za kushoto na za kulia. Mzigo ukiwekwa, spoki zilizo chini hupunguza mvuto wao kidogo, zikipanda juu huurudisha. Spoki moja ikilegea, kazi yake huwaangukia jirani zake. Ringi hupinda, na nyaya huchoka hata zikatika shingoni karibu na habu, moja baada ya moja.

Eugène Meyer wa Paris alipewa hati ya uvumbuzi wa gurudumu la spoki za waya mwaka 1869. Mwaka 1874 James Starley wa Coventry, Uingereza, akaandikisha gurudumu ambalo spoki zake hutoka katika habu kwa mshazari na kupishana. Faida yake ni hii: mnyororo unapoizungusha habu, spoki za mshazari huivuta ringi izunguke pamoja nayo, ambapo zile zilizonyoka kutoka katikati hujipinda kwanza. Mpango huo wa kupishana ndio utumikao hata leo.

Mtu aweza kujifunza kazi hii nyumbani. Yampasa apate gurudumu kuukuu la mbele ambalo ringi yake haijavunjika, spana ya spoki, bisibisi na kipande cha chaki. Na gurudumu jingine zima la kuangalia, ambalo ni mwalimu bora kuliko maneno. Akinunua spoki mpya, achukue moja ya zamani dukani, kwa sababu urefu wake ukizidi au ukipungua kidogo tu, kazi yote ni bure.

Habu ina sahani mbili, kila moja ina matundu 18. Spoki 9 za kwanza huingizwa katika sahani ya kulia, tundu moja likitiwa na la pili likiachwa, vichwa vikiwa nje, na kufungwa kwa nati katika kila tundu la nne la ringi. Ya kwanza huwekwa karibu na tundu la kutilia upepo. Upande wa kushoto hufanywa vivyo hivyo. Kisha habu huzungushwa kidogo ili spoki zilale mshazari, ndipo 18 zilizobaki huingizwa, vichwa vikiwa ndani, zikielekea upande mwingine. Kila moja hukutana na tatu za upande wake: hupita nje ya mbili za kwanza, na ya tatu huipita kwa ndani. Aliyewahi kusuka ukili hatapata taabu hapa.

Kunyosha ndiko kuna kazi. Baisikeli hupinduliwa, gurudumu likatiwa katika uma wake, na chaki ikashikwa karibu na ringi huku gurudumu likizunguka. Mahali palipoguswa na chaki ndipo palipoegemea. Ringi ikiegemea kulia, spoki za kushoto za mahali hapo hukazwa na za kulia hulegezwa, kwa robo ya mzunguko tu. Mwanafunzi mwenye haraka hukaza mzunguko mzima, akaona ringi imeruka upande wa pili, na jioni yake imepotea. Mahali ringi iinukapo mbali na habu, spoki za pande zote mbili hukazwa. Ili kujua kama ringi iko katikati, gurudumu hutolewa, likageuzwa na kurudishwa katika uma. Nafasi ya kila upande haina budi kubaki ile ile. (Gurudumu la nyuma lina tofauti: spoki za upande wa mnyororo mara nyingi hukazwa zaidi.)

Mafundi huzigonga spoki kwa ukucha na kusikiliza. Zenye mlio mzito zimelegea. Milio ikiwa karibu sawa, spoki zilizo jozi hubanwa kwa mikono zijikalie mahali pake, nazo aghalabu hulia “ta, ta”. Kisha ringi hukaguliwa tena kwa chaki. Mwisho, ncha za spoki zilizotokeza ndani ya ringi hukatwa kwa tupa na kufunikwa kwa utepe, kwa maana ncha moja tu yatosha kuutoboa mpira kabla mpandaji hajafika sokoni.