Gari Jeusi Halifichi Kitu: Sabuni, Vitambaa na Nta Zinazolifaa

Katika nyumba nyingi za Bujumbura na za bonde la Imbo, lori dogo si pambo la kuegeshwa mlangoni. Ni shamba la pili la jamaa. Leo hubeba ndizi kutoka Cibitoke, kesho saruji, keshokutwa madumu ya mawese kutoka Rumonge. Kwa mapato yake watoto hulipiwa ada ya shule, mgonjwa hununuliwa dawa na bati la nyumba hubadilishwa. Kwa sababu hiyo, kuchagua sabuni ya kuliosha si jambo la majivuno ya mwanamume na gari lake. Ni jambo la matumizi ya nyumba, na bibi mwenye kushika daftari la fedha anastahili kulijua sawasawa na bwana mwenye kushika usukani.

Tumechagua kusema juu ya magari ya rangi iliyokoza, yaani nyeusi, buluu ya usiku, kijani cha msituni na kahawia ya kahawa, kwa kuwa hayo ndiyo yaletayo lawama nyingi. Mtu hununua pikapu nyeusi ikimeta kama kioo. Baada ya mwaka mmoja huiona imepauka, imejaa mistari kama utando wa buibui, na hudhani aliuziwa rangi mbaya. Mara nyingi rangi haikuwa mbaya. Iliharibiwa na mikono iliyokusudia kuitunza.

Kwa nini nyeusi ina taabu

Kuna wakati weusi wa gari ulikuwa alama ya urahisi. Kampuni ya Ford huko Marekani, iliyoanza kuuza gari lake la Model T mwaka 1908, ililitoa kwa rangi nyeusi peke yake tangu mwaka 1914 hadi mwaka 1925, kwa kuwa rangi hiyo ilikuwa ya bei nafuu na yenye kudumu. Hata leo nyeusi inapendwa, lakini mwenye kuichagua hana budi kujua tabia zake mbili.

Tabia ya kwanza ni kufyonza joto. Gari jeusi likisimama juani, bati lake hupata moto kuliko la gari jeupe lililo kando yake. Maji ya kuoshea hukauka juu yake kabla hayajafutwa, na chokaa na chumvi zilizomo katika maji hayo hubaki kama madoa meupe ya duara. Sabuni nayo hukaukia papo hapo. Kinyesi cha ndege, ambacho kina asidi, huuma rangi upesi zaidi juu ya bati lenye moto.

Tabia ya pili ni kutoficha kitu. Katika rangi nyeupe mwanga hurudi kutoka kila upande, na mkwaruzo mdogo hupotea humo. Rangi nyeusi hurudisha mwanga kidogo sana. Kinachoonekana ni mng'ao wa uso wake tu, kama maji yaliyotulia. Kila mstari uliokatwa juu ya uso huo hushika jua na kujitangaza.

Ngozi ya gari

Magari mengi yaliyotengenezwa tangu miaka ya 1980 yana rangi ya tabaka kadhaa. Chini kabisa kuna rangi ya msingi inayolinda bati lisipate kutu. Juu yake kuna rangi yenyewe. Na juu ya hiyo kuna vanishi angavu isiyo na rangi, ambayo ndiyo hubeba mng'ao wote. Unene wa vanishi hiyo kwa kawaida ni maikroni 40 hadi 60, na maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Hiyo ndiyo akiba yote aliyonayo mwenye gari. Kila anaposugua kwa dawa ya kukwangua hupunguza akiba hiyo, na haiongezeki tena ila kwa kupaka vanishi upya.

Malori ya zamani, na mengine yaliyopakwa rangi upya mitaani, hayana vanishi hiyo. Njia ya kutambua ni nyepesi. Chukua kitambaa cheupe safi, tia polishi kidogo, usugue mahali padogo pasipoonekana sana. Kitambaa kikitoka cheusi, unasugua rangi yenyewe. Kikitoka bila weusi wa rangi, kuna vanishi juu yake. Yafaa kujua hili kabla ya kununua chochote.

Sasa tufikirie vumbi letu. Vumbi la barabara ya udongo lina chembe za mchanga wa kwatzi, jiwe ambalo ni gumu kuliko kioo cha dirisha. Atakayechukua kitambaa kikavu na kulifuta vumbi hilo juu ya gari jeusi anafanya kazi ya msasa. Mistari ile ya utando wa buibui haikuletwa na barabara. Wengi huileta kwa kitambaa cha kufutia.

Sabuni ipi?

Sabuni ya unga ya kufulia nguo ndiyo hutumika zaidi, kwa kuwa ipo dukani kila kona na povu lake hupendeza macho. Lakini sabuni hiyo imetengenezwa kuondoa mafuta katika nguo. Nguvu ya magadi yake hupimwa kwa kipimo cha pH, ambacho huanzia 0 hadi 14, na 7 ikiwa katikati. Sabuni ya unga iliyoyeyushwa hufika karibu 10. Haitachubua vanishi nzima kwa siku moja, la; bali huondoa nta yote iliyopakwa kuilinda rangi, na punje zake zisizoyeyuka vizuri hukwaruza. Sabuni ya kuoshea vyombo ni laini kwa mikono, lakini nayo huondoa nta kama iondoavyo mafuta ya sahani.

Inayofaa ni shampuu ya gari, yenye pH iliyo karibu na 7. Hiyo huinua vumbi, huteleza chini ya kitambaa, na huiacha nta mahali pake. Ukiwa dukani, soma maandishi ya chupa. Tafuta maneno yanayoeleza kwamba haina magadi wala asidi kali na kwamba haiondoi nta. Chupa isiyo na maelezo yoyote, hata ikiwa na picha ya gari linalong'aa, iache. Wazee walisema rahisi huvunja upishi. Zaidi ya hayo, shampuu hutiwa kidogo sana katika ndoo, hivyo chupa moja hudumu kuliko mtu anavyodhani.

Kuna vitu vitatu vya kukataa kabisa. Cha kwanza ni dizeli au mafuta ya taa ya kung'arishia bodi. Gari hupendeza kwa saa chache, kisha utando wa mafuta hunasa vumbi, na mipira ya milango huvimba na kulegea. Cha pili ni magadi makali ya kuzibulia mabomba, ambayo hula alumini ya rimu na ya vyombo vingine. Cha tatu ni tindikali ya betri, ambayo watu wengine huitumia kusafishia rimu. Huunguza chuma, rangi na mikono ya anayeishika. Lami iliyoganda inaweza kuondolewa kwa mafuta ya taa machache juu ya kitambaa, mahali pale penye doa tu, kisha paoshwe mara moja kwa sabuni. Madoa meupe ya maji mara nyingi hutoka kwa siki iliyochanganywa na maji kiasi sawa, nayo isuuzwe pasipo kukawia.

Vitambaa na ndoo

Tungekuwa na fedha za kununua kitu kimoja tu, tungenunua taulo nzuri kabla ya sabuni nzuri. Taulo za maikrofaiba, zilizofumwa kwa nyuzi nyembamba mno za poliesta na poliamidi, hubeba uchafu ndani ya nyuzi zao badala ya kuukokota juu ya rangi. Chagua zilizo nene na zisizo na pindo gumu. Zifuliwe peke yake, bila dawa ya kulainisha nguo, kwa kuwa dawa hiyo huziba nyuzi zikashindwa kunywa maji. Iliyoanguka chini isirudi kwenye gari kabla ya kufuliwa. Dodoki, brashi ya sakafu na fulana kuukuu yenye mishono vibaki kwa kazi za matairi.

Ndoo ziwe mbili. Moja ya maji yenye shampuu, ya pili ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa. Kila baada ya kuosha sehemu moja, kitambaa kizamishwe kwanza katika maji matupu, kikamuliwe, ndipo kirudi katika shampuu. Ukitazama mchanga uliotulia chini ya ndoo ya pili mwishoni mwa kazi, utaelewa ni msasa kiasi gani umeuepusha na rangi yako.

Utaratibu wenyewe ni huu. Gari lioshwe asubuhi na mapema au jioni, kivulini, injini na bati vikiwa vimepoa. Kwanza mwagia maji tupu ili vumbi lishuke lenyewe bila kuguswa. Kisha osha kuanzia paa kwenda chini, kwa mistari iliyonyoka, si kwa mizunguko. Sehemu za chini za milango, na karai la nyuma, hubeba uchafu mwingi, zioshwe mwisho. Suuza kila sehemu kabla sabuni haijakauka. Kisha kausha kwa taulo pana, ukiigandamiza badala ya kuikokota.

Wengi wetu huwapa vijana kazi hii. Hakuna ubaya, ni riziki yao. Lakini mwenye gari aje na shampuu yake na taulo zake. Kijana akiuliza, "Mzee, nitie unga upate povu?" mjibu kwa upole, "Hapana, mwanangu, tia hii kidogo, na ndoo ya pili hiyo hapo." Kijana aliyefundishwa mara moja huwa fundi wa kuaminika, na wateja wengine humfuata.

Nta na mambo mengine ya kung'arisha

Baada ya kuosha huja ulinzi. Nta ya karnauba hutokana na majani ya mnazi-pori wa kaskazini mashariki mwa Brazili, nayo huyeyuka kwa joto linalozidi kidogo nyuzi 80. Huipa rangi nyeusi kina kinachopendwa na wengi, ila hudumu wiki chache hadi miezi michache tu. Nta za viwandani hudumu zaidi, na kwa gari la kazi ndizo tunazozisifu. Kuna pia dawa za silika zidumuzo mwaka au zaidi, lakini zina gharama, na zikipakwa juu ya mikwaruzo huifungia humo. Gari linalobeba saruji halizihitaji.

Mwanunuzi aangalie jambo moja. Nta nyingine zimechanganywa na dawa ya kukwangua, na huandikwa kuwa husafisha na kung'arisha kwa pamoja. Zinafaa mara moja kwa rangi iliyopauka, si kila mwezi. Kumbuka zile maikroni chache. Nta ipakwe nyembamba, juu ya gari safi na baridi, na isiguse plastiki nyeusi za kando, kwa maana hukaukia humo ikiwa nyeupe na hutoka kwa shida. Rangi isiyo na mng'ao wa asili haipakwi nta kabisa. Kujua kama nta imekwisha, mwagia maji: yakijikusanya kama shanga, ipo, yakitandaa kama shuka, muda umefika wa kuipaka tena.

Palipochubuka hadi bati kuonekana, nta haitoshi. Pasafishwe, pakaushwe na kuguswa kwa rangi kabla ya mvua, kwa sababu asiyeziba ufa hujenga ukuta, na kutu haina likizo.

Ziwa si karai

Neno la mwisho ni la wote. Si jambo geni kuona magari yakiingizwa magurudumu ndani ya Ziwa Tanganyika au kwenye mito inayoshuka huko, kwa kuwa maji ni ya bure. Ziwa hili lina kina cha mita zipatazo 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na watu hudhani haliwezi kudhurika. Lakini maji yake hukaa humo karne nyingi kabla ya kubadilika, na kinachomwagwa ufukweni hukaa ufukweni, mahali samaki wanapozaliana na watu wanapochota maji. Sabuni hudhuru matamvua ya samaki; mafuta ya injini hudhuru zaidi. Mwaka 2003 nchi nne za ziwa hili, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilitia saini mkataba wa kulihifadhi kwa pamoja. Mkataba huo hautalindwa na mawaziri peke yao. Ndoo mbili za maji na nyingine chache za kusuuzia, juu ya ardhi iliyo mbali na mto, zinatosha pikapu nzima.

Kwa jamaa yenye fedha kidogo, manunuzi yafuate mpango huu: kwanza taulo mbili za maikrofaiba na ndoo ya pili, mwezi unaofuata chupa ya shampuu, na kabla ya kiangazi cha Juni kopo moja la nta isiyokwangua. Marashi ya ndani na dawa za kung'arishia matairi zingoje. Siku ya kuliuza gari itafika, na mnunuzi atalizunguka juani kimya kimya, akitazama mistari. Kizuri chajiuza.