Elektrodi kavu kwenye fukuto la Bagamoyo

Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa malaria uliofanyika wilayani Bagamoyo. Dawa mseto, ambayo kwa kawaida humezwa kwa siku 3, ilijaribiwa kwa siku 6, na umeme wa moyo wa wagonjwa ukapimwa ili kujua kama dozi ndefu inachelewesha moyo kujiandaa kwa pigo linalofuata. Usahihi wa kipimo hicho huanzia pale elektrodi inapogusa ngozi.

Elektrodi ya hospitali ni ya fedha na kloridi ya fedha, ikiwa na jeli ya chumvi. Jeli hulowanisha tabaka la seli zilizokufa juu ya ngozi, ambalo ndilo linalozuia umeme. Ishara ya moyo ifikapo kifuani ni takriban milivolti 1 tu, hivyo kizuizi hicho si kidogo. Lakini jeli hukauka, na gundi huwasha ngozi ikikaa siku nyingi. Kwa sababu hiyo saa na mikanda ya kifuani hutumia elektrodi kavu.

Chuma kisichoshika kutu hudumu na husafishika kirahisi, ila ni kigumu: mkono ukitikisika kinateleza, na mchoro unavurugika. Kitambaa cha nyuzi zilizopakwa fedha hushika mwili vizuri zaidi, lakini kufua na jasho huila fedha hiyo taratibu. Raba yenye kaboni ni laini na rahisi kutengeneza, ingawa hupitisha umeme kwa shida zaidi.

Hapa pwani jasho lina faida yake. Baada ya dakika chache za fukuto, chumvi yake hufanya kazi ya jeli, na elektrodi iliyoanza vibaya hutulia. Mafuta ya nazi hufanya kinyume, yafutwe kwanza. Mkulima wa mwani aliyezama hadi kifuani asitegemee mkanda, maana maji ya bahari huunganisha elektrodi zake na ishara hufifia.

Kwa kuhesabu mapigo na kugundua mdundo usio sawa, elektrodi kavu inatosha, nami ningechagua mkanda wa kitambaa kuliko saa kwa mtu wa kazi za mikono. Kwa utafiti wa dawa, hapana. Huko hupimwa milisekunde hadi mwisho wa wimbi dogo, la polepole, la moyo kujiandaa kwa pigo linalofuata, ambalo mtikisiko wa elektrodi kavu unaweza kulimeza. Mgonjwa alale, abandikwe jeli.

Na wewe ambaye saa yako imekuonya kuhusu mapigo, usianze wala usiache dawa kwa onyo hilo pekee. Nenda hospitali upimwe upya.