Ukitaka Besi, Anza na Mlango

Magari mengi yanayokula vumbi jekundu la barabara ya Kolwezi kwenda Dilolo, kupitia Mutshatsha na Kasaji, yalitembea kwanza Japani. Yaliingia Kasumbalesa yakiwa na redio za huko, na redio hizo zina shida yake: FM ya Japani kwa miaka mingi ilikuwa kati ya megahezi 76 na 90, ilhali stesheni za Kongo zinatangaza kati ya 87.5 na 108. Anayebadilisha redio ya gari kama hilo ana sababu ya haki kabisa. Mambo huharibika dukani, pale anapoonyeshwa boksi lililoandikwa wati 50 mara nne, akalipa, akaondoka akidhani kwamba amenunua na muziki mzuri. Muziki mzuri, hasa besi, huamuliwa mlangoni. Redio ikishashika stesheni na kusoma flashi, fedha inayobaki ingefaa iende kwenye spika na bati linaloishikilia.

Tuzipigie hesabu hizo wati 50. Injini ikiwaka, umeme wa gari ni volti 14.4 hivi, na redio ya kawaida haina kifaa cha kuupandisha. Kwa spika ya omu 4, wimbi safi kutoka volti hizo haliwezi kuzidi wati 26, na ukitoa kinachopotea ndani ya redio unabaki na 20 au pungufu. Zile 50 hupimwa sauti ikiwa imeshakatwakatwa, inakwaruza, na hakuna anayeweza kuisikiliza mpaka Mutshatsha. Hata zingekuwa za kweli, kuzidisha nguvu maradufu huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huihisi kwa shida kwenye barabara ya udongo. Desibeli hizohizo 3 unazipata bure kwa kuchagua spika yenye wepesi wa kutoa sauti wa desibeli 92 badala ya 89. Namba hiyo huandikwa kwa herufi ndogo pembeni ya boksi. Wati ndizo zinazopewa herufi kubwa.

Sasa mlango wenyewe. Spika inaposukuma hewa mbele, kwa wakati uleule inaivuta nyuma. Chester Rice na Edward Kellogg, walioeleza spika ya koni na koili mwaka 1925, walilijua hilo tangu mwanzo: pasipo ubao wa kutenganisha pande hizo mbili, mawimbi hukutana na kufutana. Sauti nyembamba hunusurika, wala si kwa bahati. Mawimbi yake ni mafupi, na kila upande huenda zake. Besi ndiyo inayoumia, kwa sababu wimbi la hezi 100 lina urefu wa mita 3.4 hivi, na mlango mzima haufiki hata nusu ya hapo. Uzi mnene wa gita la besi kwenye rumba uko hezi 41, chini zaidi. Ukivua kava la mlango utayaona matundu makubwa kwenye bati la ndani, yale ya kumwezesha fundi kufikia mashine ya kioo, yamefunikwa kwa nailoni nyepesi ambayo mara nyingi imeshachanika. Hewa ya nyuma inatokea hapo, inaifuta ya mbele, na dereva anaongeza sauti.

Dawa yake haihitaji karakana. Toa kwanza waya hasi wa betri, tafuta skrubu zilizofichwa nyuma ya kishikio, kisha vuta kava taratibu klipu moja baada ya nyingine. Plagi za njano usiziguse, kwa kawaida ni za mifuko ya hewa ya usalama. Matundu makubwa yazibe kwa kipande cha bati jembamba la alumini kilichofungwa kwa skrubu na kuzungushiwa silikoni, ili kesho mashine ya kioo ikiharibika fundi aweze kukifungua. Spika ya inchi 6.5 iwekee pete ya plywood iliyopakwa rangi ya mafuta pande zote, shusha kioo mpaka chini uone kama hakigusi sumaku, ndipo ukaze. Wapo watakaosema kwamba mlango uliozibwa utaoza wakati wa masika. Utaoza ukiziba na vitundu vya chini kabisa vya kutolea maji. Hivyo viache wazi, na nailoni iliyopo juu ya pete iache ielekeze maji ndani ya bati. Wengine hubandika lami ya kuezekea mapaa ili kutuliza mtetemo. Ni rahisi, lakini jua la Septemba huilainisha na gari zima hunuka. Utepe wa butili ni ghali zaidi na unastahili bei yake.

Pingamizi zito ni la wenye amplifaya: mbona teksi fulani inapiga besi mtaa mzima na milango yake haijaguswa? Ni kweli, ila mara nyingi kishindo hicho hutoka kwenye sabufa iliyo ndani ya boksi nyuma ya gari, na boksi hilo ndilo linalofanya kazi ambayo mlango haukuifanya. Amplifaya ikiunganishwa na spika za mlango wenye matundu, inakuza na kile kinachofutwa. Ikija baadaye ni sawa, pamoja na fyuzi karibu na betri na waya mnene. Waya huo ukwangue kwa wembe kabla ya kulipa. Kolwezi inachimba shaba ya kuuzia dunia nzima, lakini madukani kuna waya wa alumini uliopakwa shaba juu juu, na alumini hupitisha umeme kwa kama asilimia 60 tu ya shaba. Kwa spika za mlangoni tofauti hiyo ni ndogo mno. Kwa amplifaya inayovuta ampea nyingi, waya unapata moto.

Kabla ya kurudisha kava, gusisha nyaya za spika kwa sekunde moja kwenye betri ya tochi ya volti 1.5. Koni ikiruka nje, waya ulio kwenye chanya ya betri ndio chanya. Rudia mlango wa pili. Mmoja ukiunganishwa kinyume, spika za kulia na kushoto zitafutana besi kama mbele na nyuma zilivyofutana, na kazi yote ya silikoni itakuwa ya bure.