Chama na Mkusanya Madeni: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kutia Sahihi

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Viongozi wa vyama vya msingi huuona ukweli wa maneno hayo kila msimu unapokwisha. Pembejeo zilitolewa kwa mkopo, mazao yalichukuliwa na mnunuzi kwa ahadi, na sasa daftari la wadaiwa limejaa. Ndipo hujitokeza mtu au kampuni na kusema: "Tupeni orodha, sisi tutakusanya." Makala haya yanakusudia kuwasaidia wajumbe wa Bodi kuamua ni nani apewe orodha hiyo, na kwa masharti gani.

Kwanza kabisa, Bodi itenganishe madeni. Deni la mwanachama si sawa na deni la mfanyabiashara wa nje. Mwanachama ni mmoja wa wenye chama. Deni lake hushughulikiwa kwa mazungumzo, kwa makato ya mauzo yake aliyoyakubali, na kwa usuluhishi, na likishindikana hufikishwa kwa Mrajis. Kumtumia mtu wa nje akamgongee mlango mwanachama aliyepatwa na ukame ni kubomoa chama kwa mikono yetu wenyewe. Mkusanya madeni anafaa zaidi kwa mnunuzi au mfanyabiashara ambaye deni lake limethibitishwa kwa mkataba, hati ya kupokea mzigo au ankara.

Pili, tujue mamlaka ya huyo anayekuja. Wengi huchanganya mkusanya madeni na dalali wa mahakama. Dalali wa mahakama huteuliwa chini ya kanuni za mwaka 2017, na hukamata mali pale tu anapokuwa na amri ya mahakama. Mkusanya madeni wa kawaida hana uwezo huo. Kazi yake ni kuandika barua, kumtafuta mdaiwa, kumkumbusha na kupatana naye juu ya malipo. Akijigamba kwamba atachukua pikipiki au mabati ya mtu bila hukumu, Bodi imkatae siku hiyo hiyo. Hata mahakama yenyewe, chini ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, haikamati nguo, vyombo vya kupikia na vitanda vya lazima, wala zana na mbegu ambazo mkulima anazihitaji kwa riziki yake.

Tatu, na hapa ndipo vyama vingi vinaweza kuumia, ni suala la fedha. Tuchukue mfano. Chama kinadai shilingi 4,000,000, na wakala anataka asilimia 15. Mwishowe anakusanya shilingi 1,500,000 tu. Ikiwa mkataba unasema asilimia 15 ya fedha zilizokusanywa, atalipwa shilingi 225,000, na chama kitabaki na shilingi 1,275,000. Ikiwa unasema asilimia 15 ya deni lote, atalipwa shilingi 600,000, na chama kitabaki na shilingi 900,000. Tofauti ya shilingi 375,000 imeletwa na neno moja katika mkataba. Kwa hiyo mkataba useme wazi: malipo ni kwa kilichokusanywa, hakuna ada ya kuanzia, na gharama za safari zimo ndani ya asilimia hiyo.

Aidha, fedha za mdaiwa ziingie moja kwa moja katika akaunti ya chama, na chama ndicho kitoe stakabadhi. Wakala alipwe baadaye kwa hati ya malipo iliyoidhinishwa. Wakala anayesisitiza kupokea fedha mkononi hafai, hata kama asilimia yake ni ndogo.

Nne, tuuangalie mwenendo wake. Tuulize vyama na wafanyabiashara waliomtumia, tusome barua anazoziandika, tudai usajili wa kampuni na namba ya mlipakodi. Matusi, vitisho, na kutangaza jina la mdaiwa hadharani vipigwe marufuku ndani ya mkataba. Orodha ya wadaiwa ni taarifa za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka zilindwe. Wakala akikosea, mdaiwa hatalitaja jina la wakala. Atalitaja jina la chama.

Tano, tusisahau muda. Kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo, shauri la deni litokanalo na mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 6. Barua za wakala hazisimamishi muda huo. Bali mdaiwa akikiri deni kwa maandishi na kutia sahihi kabla muda haujakwisha, hesabu huanza upya. Basi kazi ya kwanza ya wakala iwe kuleta ungamo hilo la maandishi.

Ndugu viongozi, uteuzi wa wakala uamuliwe na Bodi na uandikwe katika muhtasari wa kikao, mkataba uwe wa miezi michache, na taarifa ya makusanyo isomwe mbele ya wanachama. Fedha inayodaiwa ni jasho lao. Wana haki ya kujua nani ametumwa kuifuata, na imerudi kiasi gani.