Kitalu cha Nazi Uani

Sisi wenye mashamba ya karafuu, Unguja na Pemba, aghalabu tuna minazi pia. Mkarafuu una tabia yake: mwaka huu huzaa hata matawi yakainama, na mwaka wa pili ukatunyima. Mnazi si hivyo. Mti mzima hutoa karara jipya karibu kila mwezi, na mkwezi hakosi kazi mwaka mzima. Basi mnazi ndio unaotupa tui la chunguni na senti za dukani katika mwaka ambao karafuu zimekataa.

Hata hivyo twaona wengi wakipanda mche wowote uliojiotea chini ya mti au katika lundo la nazi, kwa kuwa ni wa bure. Lakini hesabu yake ni hii: mnazi mrefu hauzai mpaka ipite miaka sita au saba, kisha huishi miaka 60 na zaidi. Mwenye kupanda mche mbaya hajui ubaya wake mpaka mwanawe ameingia skuli, na hasara yake humfikia mjukuu.

Kazi yaanza kwa kuchagua mnazi wa kuchukulia mbegu. Utazamwe mti wa makamo, wenye makuti mengi na makole ya kila umri, tangu vidaka hata nazi kavu. Usidanganywe na mnazi ulio karibu na jiko au zizi la ng'ombe: huo hupata maji na samadi kila siku, na wingi wa nazi zake huenda usitokane na uzuri wa mbegu. Chukua nazi iliyokomaa mtini, ya miezi 11 au 12. Ukiitikisa usikie maji yakicheza ndani. Isiyolia iache, na koroma iache vile vile.

Nazi ya mbegu haifuliwi, maana kumbi ndilo litunzalo unyevu. Ya mnazi mrefu yaweza kuwekwa kivulini wiki tatu nne. Ya kitamli ilazwe upesi, kwani huota mapema. Tunajua kuwa mbegu ya mkarafuu ikikauka imekufa. Nazi nayo haingoji milele.

Tafuta mahali uani, karibu na maji, penye mchanga usiotuamisha maji na kivuli chepesi. Chimba mfereji, laza nazi kwa ubavu, upande mpana juu, futi moja baina ya nazi na nazi, kisha fukia theluthi mbili yake. Tandaza majani makavu, na siku za jua umwagie maji. Magogo ya minazi yaliyooza yasiwe karibu, kwani humo ndimo huzaliana dudu jeusi lenye pembe, litoboalo moyo wa mnazi.

Usizifukue kuzitazama. Nazi ina macho matatu, mawili magumu na moja laini; nyuma ya hilo laini ndipo mche unapoanzia. Ndani hukua joya, lile wanalolipenda watoto, nalo hunyonya nyama ya nazi likaulisha mche. Chipukizi la mnazi mrefu aghalabu huanza kuonekana baada ya miezi miwili mitatu.

Hapa ndipo wengi wetu hushindwa, kwa kuona uchungu kutupa. Zinazotangulia kuota ndizo bora, maana miche yake aghalabu huwahi kuzaa. Isiyoota hata mwezi wa tano iondolewe. Mche mwembamba uliorefuka, au wenye majani ya manjano, nao uondolewe. Weka wenye shina nene na majani yaliyoanza kupasuka mapema. Ukilaza nazi 100, usione ajabu kubakiwa na miche 60 ya kupanda.

Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma. Sokoni huenda ikawa kweli. Kitaluni ni kinyume: asiyechagua ndiye apataye koroma, tena la kumdumu umri wake wote.

Nazi zikilazwa Julai au Agosti, miche huwa tayari masika yanapoingia, Machi na Aprili. Ipandwe kwa nafasi ya futi 30 mti na mti. Basi kila mwanachama na aanze sasa kuitazama minazi yake, akauwekee alama ule ulio mwema.